Jaketi Lifungwe Mpaka Shingoni

Jhansi, 9 Julai 2023

Mdogo wangu Parvesh,

Ram Ram. Hujambo? Goti limepona? Baba na mama hawajambo? Na yule nyati wetu wa maziwa, mkorofi, amezaa, au bado anatutania? Mimi mzima, ila joto la huku unaweza kuchoma chapati ukutani.

Nimekupigia simu mara tisa. Hupokei. Ya kumi nikasema basi, bwana mkubwa siku hizi anasikia kwa macho, ngoja nimwandikie.

Pikipiki imefika. Baba aliishonea magunia vizuri, hata kioo hakikupata mkwaruzo. Karani wa mizigo stesheni aliniuliza huyu ni bibi harusi gani amefunikwa hivi. Asante sana. Najua ilikuwa yako. Baba anasema uliitoa kwa moyo mmoja, lakini mimi namjua baba, kwa hiyo nataka nisikie kwako mwenyewe. Bweni letu la wanawake linakarabatiwa, na mimi na mwenzangu Phoolwati tumepangishiwa chumba nje ya kambi, kilomita nne kutoka getini. Bila hiyo pikipiki ningekuwa natembea na buti kwenye matope kila siku.

Sasa sikia kichekesho. Tangu mwezi jana kazi yangu ya asubuhi, sisi polisi wa jeshi, ni kusimama getini kukagua mavazi ya askari wanaokuja kazini kwa pikipiki. Amri imebandikwa ukutani na mimi nimeimeza yote. Helmeti, na kamba yake ifungwe kidevuni. Buti, glavu, mikono ya shati ishushwe, reflekta kifuani. Bereti isivaliwe barabarani, iwekwe kwenye begi. Juu ya sare jaketi la rangi moja, lifungwe mpaka shingoni, mtu wa mtaani asijue ni nani anayepita. Na kutoka nyumbani mpaka getini hakuna kusimama popote na sare, hata kununua kiberiti.

Juzi akaja subedar mmoja, mkubwa kwangu kwa cheo, mzee anayekaribia kustaafu, amevaa ndala! Buti kazining'iniza kwenye usukani, moja huku, moja huku. Nikamsimamisha. "Sahib, buti huvaliwa miguuni." Akaniambia, "Binti, nimezing'arisha saa nzima, halafu nizipeleke kwenye vumbi?" Nikamwambia, "Basi zivae hapa sahib, au rudi nyumbani." Akakaa juu ya jiwe akazivaa, na foleni nyuma yake inapiga honi. Alipoinuka akasema, "Baba yako ana bahati au ana balaa, moja kati ya hayo." Masingasinga peke yao ndio hawavai helmeti, kwa ajili ya vilemba. Kuna mmoja kila siku ananiambia, "Yangu mimi ina mita sita, dada, leta kamba upime!"

Kuna habari nyingine, usimwambie mama kwanza. Kamanda amepeleka jina langu kwa kozi ya ukufunzi Bangalore, mwezi wa Januari. Nafasi ya mwanamke ni moja tu. Nikirudi nitakuwa mwalimu, Parvesh, sitasimama tena getini. Wanachotaka ni rekodi safi.

Usaili wako wa jeshi ni Novemba. Kimbia, kula, na upokee simu.

Dada yako,
Bhateri

—

Kheri Batar, 24 Julai 2023

Kwako Dada,

Ram Ram. Huku hatujambo. Goti limepona. Nyati amezaa dume na mama amenuna siku tatu. Kwa nyati tu ndiyo nyumba hii hutaka jike.

Simu sikupokea kwa sababu nilikuwa natembea. Kiwanja cha mazoezi kiko kilomita sita na zamani nilikuwa na pikipiki. Umetaka usikie kwangu, basi sikia. Sikuitoa kwa moyo mmoja. Sikuulizwa. Nilirudi jasho linanitoka nikamkuta baba uani ana sindano ya magunia, anaishona. Nikamwuliza, "Inakwenda wapi?" Akasema, "Kwa mwenye kazi."

Hujui kijiji kimekuwaje. Wamekuchora kwenye ukuta wa shule na bereti yako nyekundu. Pua wameikosea, bereti wameipatia. Wazee wakikaa na kiko chao wananiita "ndugu yake Bhateri." Juzi baba mdogo Ramphal kanisimamisha mbele yao wote: "Parvesh, dada yako akija likizo mwambie akufundishe kukimbia." Wakacheka. Nikacheka na mimi, ningefanyaje?

Mimi ndiye niliyesubiriwa katika nyumba hii. Wewe ulikuwa msichana wa tatu, wakakuita Bhateri, yaani imetosha, ili Mungu aache kuleta wasichana. Miaka miwili baadaye nikaja mimi, wakagawa peremende kijiji kizima. Sasa peremende zile wanazidai.

Halafu nikuulize. Mita elfu moja na mia sita, wewe ulipewa dakika saba na nusu. Mimi napewa tano na sekunde arobaini na tano, na mwaka jana nilikosa kwa sekunde nne. Nne, dada! Wewe una kazi mpaka pensheni. Sisi wa sasa tukipata tunapewa miaka minne kwanza, halafu wanabakizwa wachache. Na Novemba nikikosa, umri umepita. Nitabaki hapa na nyati dume.

Usinielewe vibaya. Hongera ya kozi. Mama sijamwambia.

Mdogo wako,
Parvesh

—

Jhansi, 24 Agosti 2023

Parvesh wangu,

Salamu za mbio mbio. Natumai mko wazima, nami mzima. Naandikia kwenye kaunta ya posta, kalamu yao imefungwa kwa kamba fupi, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia, ya pili nilitamani kukutandika, ya tatu nikakuonea huruma. Tutazungumza nikija.

Ndani ya bahasha kuna rakhi yako, uzi wa dada kwa mkono wa kaka. Safari hii uzi ni wa kijani, mwekundu ulikuwa umekwisha. Sikukuu ni tarehe thelathini na leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma ikufikie. Nimetoka zamu saa kumi na dakika arobaini, posta inafunga saa kumi na moja. Ningekwenda kwanza nyumbani kubadili nguo, mkono wako ungebaki mtupu, na tangu nilipojua kufunga fundo sijawahi kuuacha mtupu.

Kwa hiyo cheka. Mkaguzi mwenyewe leo kavunja amri mara tatu kwa mpigo. Kwanza, nimesimama njiani na sare. Pili, jaketi nimelifungua lote, maana kwa joto hili ningezimia. Tatu, bereti iko kichwani, kwa sababu nywele zimelowa jasho na posta imejaa watu. Kamanda akiniona hapa, Bangalore nitaisikia redioni. Phoolwati amenipiga picha mbele ya posta, anasema mwizi kakamatwa. Nimeituma kwa simu ya mama, uone pikipiki yako ilivyooshwa.

Wanafunga dirisha. Mama akufunge mkono wa kulia, na ule kitu kitamu kwa niaba yangu.

Dada yako,
Bhateri

—

Kheri Batar, 31 Agosti 2023

Dada,

Ram Ram. Tuko salama. Natumai nawe.

Uzi ulifika tarehe ishirini na tisa. Mama amenifunga.

Picha imefika pia. Kila mtu ameiona. Baba amekwenda Bhiwani kuichapisha kubwa, na fremu akaiwekea. Ameitundika sebuleni, pale ilipokuwa picha yangu ya medali ya shule. Yangu imehamia jikoni, karibu na pipa la unga. Baba anasema ni kwa muda.

Umependeza. Pikipiki pia imependeza.

Kosa dogo kama lile linaweza kweli kumzuia mtu asiende kozi? Nauliza tu.

Parvesh

—

Jhansi, 19 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Ram Ram. Hujambo, na wazee hawajambo? Mimi mwili hauumwi.

Imefika barua kwa kamanda, haina jina. Imeandikwa kwa herufi za kulalia upande, za mtu anayejifunza. Ndani yake ile picha ya posta. Inasema askari huyu huwasumbua wazee getini kwa mavazi na mwenyewe anazurura mjini na sare ya taifa.

Niliingizwa ofisini kwa hatua za gwaride, bereti imevuliwa na mkanda umevuliwa, kama wanavyofanya kwa mshtakiwa. Hujui mkanda ule mweupe una uzito gani mpaka uvuliwe mbele ya watu. Kamanda akaniuliza, "Ni wewe huyu?" Nikajibu ni mimi, sahib. "Ulisimama kwa nini?" Nikajibu nilikuwa naposti rakhi ya ndugu yangu. Akaitazama picha tena. Nadhani naye ana dada. Lakini amri ni amri, na mkaguzi akivunja, atamkagua nani?

Nimeandikwa kwa wino mwekundu. Wino huo haufutiki, Parvesh, unakaa kwenye kitabu chako mpaka unastaafu. Bangalore amepewa Phoolwati. Nimempongeza, nimemkumbatia, halafu nikaenda bombani nikafua nguo zilizokuwa safi. Kibali cha pikipiki kimesimamishwa miezi miwili. Natembea kilomita nne asubuhi na nne jioni. Wewe sita, mimi nne, tumekaribiana.

Na yule subedar wa ndala, unajua? Alinisubiri nje ya ofisi akanipa chai.

Kamanda aliniuliza kama kuna mtu ninayemshuku. Nikasema hakuna.

Mwulize mama, taratibu asishtuke, picha alimtumia nani. Kisha rudi kwenye mazoezi yako.

Dada yako,
Bhateri

—

Kheri Batar, 4 Oktoba 2023

Dada yangu mpendwa,

Ram Ram sana. Hujambo dada? Unakula? Miguu haijavimba? Sisi hatujambo, mama anakusalimu, baba anakusalimu, hata nyati anakusalimu.

Habari imenichoma sana. Nimemwuliza mama. Picha aliipeleka kwenye kundi la simu la ukoo mzima, watu themanini na kitu, na wao wakaisambaza. Sasa utamjua nani? Ramphal ana ndugu wa mkewe huko Jhansi. Na mke wa Ramphal tangu umeingia jeshini anasema mabinti zake wamekosa wachumba kwa sababu yako, kila mchumba anataka msichana mwenye mshahara. Watu wana wivu, dada. Kijiji hiki kikikuona unapanda, kinakushika mguu. Mimi singeshangaa kama ni mke wa Ramphal. Yule hawezi kuandika vizuri.

Usimfikirie mtu mwingine. Utaumiza kichwa bure.

Mimi nakimbia sana. Nimefika dakika tano na sekunde ishirini na tano. Sijui kasi inatoka wapi. Nikikaa chini nakosa raha, basi nainuka nakimbia. Chakula hakishuki vizuri, mama anadhani ni hofu ya usaili.

Nijibu haraka, tafadhali.

Mdogo wako akupendaye,
Parvesh

—

Kheri Batar, 21 Novemba 2023

Dada,

Ram Ram. Wiki saba hujajibu barua yangu. Simu ya mama unapokea, yangu hupokei. Diwali imepita na hukuniulizia. Mama anasema una kazi nyingi.

Nimepita. Dakika tano na sekunde ishirini na moja. Kifua kimepita, macho yamepita, mtihani wa karatasi nilishaupita. Kilichobaki ni uchunguzi wa tabia tu, polisi wataulizia kijijini, kisha barua ya kuripoti. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika ndugu aliye jeshini. Nikaandika jina lako. Sajini aliyekuwa anapokea fomu akalisoma, akainua macho: "Dada yako ni polisi wa jeshi? Basi wewe nyumbani ulishapigishwa gwaride." Wote wakacheka, akanipa mkono. Dada, nilitaka ardhi inimeze. Mkono wangu aliushika kwa jina lako.

Ni mimi.

Mke wa Ramphal hana kosa, nimemsingizia. Niliandika kwa mkono wa kushoto. Nikapanda basi mpaka Hisar nikaitia kwenye sanduku la huko, ili muhuri usiwe wa Bhiwani. Nikasimama pale mbele ya sanduku, nikajaribu kuingiza mkono niitoe, mkono haukupita. Nikala samosa mbili nikarudi nyumbani. Mama akanipa maziwa, akasema nimechoka na mazoezi.

Unataka kujua kwa nini. Baba alipoitoa picha yangu ukutani hata hakunitazama. Aliitoa kama mtu anavyotoa kalenda ya mwaka jana. Nikaitazama yako, unacheka, jaketi wazi, umekaa juu ya pikipiki yangu, na mimi ndani ya mfuko nina barua yako inayosema umevunja nini na nini. Nilikuonea wivu, dada. Si wivu wa kununa siku mbili ukaisha. Nilitamani uanguke mbele ya watu kama nilivyoanguka mimi zile sekunde nne, nawe uitwe kwa jina la mtu mwingine. Ulipoanguka nilifurahi siku moja. Nahesabu vizuri, ilikuwa siku moja. Siku ya pili nikaisoma tena ile sehemu ya mkanda, chakula kikagoma.

Nitamwandikia kamanda wako, kwa jina langu na jina la kijiji, nimweleze kwamba nilifanya kwa chuki na ulisimama kwa ajili yangu. Labda watakufutia. Nangoja neno lako tu, barua imeshaandikwa.

Nitukane, lakini jibu.

Parvesh

—

Jhansi, 6 Desemba 2023

Parvesh,

Ram Ram. Natumai wazee hawajambo. Mimi naendelea.

Barua hiyo ichome. Usimwandikie kamanda. Wino mwekundu haufutwi na barua ya ndugu, na jina lako likishaingia kwenye faili la malalamiko, uchunguzi wako wa tabia umekwisha, umri umepita, na tutakuwa wawili tuliopotea badala ya mmoja. Hilo nililijua siku ile ile.

Ndiyo, siku ile ile. Kamanda aliisoma barua kwa sauti. "Kwanza, amesimama njiani na sare. Pili, jaketi amelifungua. Tatu, bereti iko kichwani." Moja, mbili, tatu, kwa mpangilio ule ule niliokuandikia wewe na hakuna mtu mwingine. Mke wa Ramphal atajuaje kwamba bereti ni kosa? Kijiji kizima kiliiona bereti hiyo ukutani kikadhani ndiyo fahari yenyewe. Nilikuwa nimekaza macho ukutani, na moyoni nasema, atakuwa ameandika kwa mkono wa kushoto, hajui kutengeneza herufi. Kamanda akauliza, "Unamshuku mtu?" Ningesema jina moja tu, angesimamisha shauri, pengine Bangalore ningekwenda. Nikasema hakuna, sahib.

Nilikuandikia mwulize mama, nikakupa mlango wa kusema ukweli. Ukanipa mke wa Ramphal. Ndiyo maana nilinyamaza wiki saba.

Sasa nisikilize, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu. Unadhani wivu katika nyumba yetu umeanza na wewe?

Kila asubuhi mama alikuwa anakamua, maziwa ya kwanza yenye povu yanaingia kwenye bilauri yako ya bati, na kijiko cha samli juu. Mimi nilipewa chai ya kilichobaki. Nilikuwa natoka kukimbia kabla yako na narudi baada yako, na bilauri ile ndiyo niliyokuwa naiosha. Nilikuwa naizungusha kidole ndani nalamba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Parvesh. Nilikuchukia kwa kila bilauri. Hata nikiwa jeshini, siku niliposikia umeumia goti, nilifurahi. Nami nahesabu vizuri, siku zangu zilikuwa nne.

Siku naondoka kwenda jeshini, baba alikwenda kumwagilia ngano. Zamu yake ya maji haikuwa siku ile. Alirudi nimeshapanda basi. Alianza kunipenda nilipochorwa ukutani, na mimi nikaukubali upendo huo hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa na kiu nao. Hata pikipiki yako niliipokea nikijua hukuulizwa. Nilikuandikia "asante" na rohoni nasema, safari hii na wewe utembee. Hilo ni kosa langu na nakuomba radhi.

Jana mama kapiga simu. Anasema wewe ukiondoka baba ameshaita wapiga ngoma wawili kutoka Hansi, na ukoo wote utakusindikiza mpaka stendi. Nikamwambia vizuri sana mama. Nikakata simu nikalia, Phoolwati akaniuliza nini, nikamwambia furaha, mdogo wangu kapita. Haikuwa furaha. Ulikuwa wivu ule ule wa bilauri, mzima, haujazeeka hata siku moja.

Sijakusamehe. Nisikudanganye. Labda mwakani, labda nikiwa na nywele nyeupe. Nenda jeshini, fanya kazi yako, na wakikuuliza habari zangu useme ukweli. Lakini usije ukadhani nilikuficha kwa sababu mimi ni mwema na wewe ni mbaya. Nakuonea wivu leo, Parvesh, leo hii ninapoandika, kwa ngoma mbili za Hansi. Naandika kwa mkono wa kulia, na jina langu naliweka chini.

Dada yako,
Bhateri
binti wa tatu wa Rajmal, Kheri Batar